Ukumbi Uliozibwa na Dohani

Mwenye kuitazama nyumba ya shamba iitwayo Bayleaf, iliyojengwa Kent, Uingereza, baina ya mwaka 1405 na 1430, huidhani kuwa ni kazi ya fundi mmoja na ya mara moja, kwa jinsi paa lake lilivyozifunika pamoja sehemu zote tatu, ukumbi katikati na vyumba vyenye dari huku na huku. Kumbe upande wake mmoja, alikolala mwenye nyumba na ahali yake, uliungwa baina ya 1505 na 1510, na siri ya miaka hiyo ilifichuka kwa kupimwa pete zilizomo ndani ya boriti zake.

Wepesi huo wa kuunga umo katika jengo lenyewe. Kuta hazibebi kitu: uzito wote hubebwa na kiunzi cha mwaloni, uliochongwa ungali mbichi, ndimi zikapachikwa katika matundu na kukazwa kwa vigingi vya mti, na nafasi baina ya nguzo zikajazwa fito na kukandikwa udongo, kazi ambayo mkandikaji wa pwani yetu asingehitaji kufundishwa. Jengo la namna hiyo hufungulika na kuungika tena mithili ya kitanda.

Ama badiliko kubwa lilitokana na moshi. Ukumbi ulikuwa wazi toka sakafu hata paani, moto ukiwaka katikati, na moshi ukijitafutia njia vigaeni na madirishani, ambayo hayakuwa na vioo. Ndiyo maana makombamoyo ya kumbi hizo huwa meusi kwa masizi. Dohani ilipoingia katika nyumba za aina hii, karne ya 16 na ya 17, kimo kile hakikuwa na kazi tena, ukumbi ukakatwa kwa dari, vikapatikana vyumba vya juu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 bwawa la Bough Beech lilipojengwa mahali iliposimama, Bayleaf ilifunguliwa, ikahamishiwa makumbusho ya Singleton, Sussex, ikasimamishwa kwa sura ya mwaka 1540 hivi. Hapo siwaafiki kikamilifu mafundi walioisimamisha: nyongeza ya 1505 hivi ilihesabiwa asili, na zilizofuata zikaondolewa, ilhali wakulima waliokaa kando ya dohani walikuwa wengi kuliko waliovuta moshi. Lakini moto huwashwa tena katikati ya sakafu, na mgeni aingiaye hupikicha macho kabla hajaliona paa.