Kicheko na Mipaka Yake: Shajara ya Safari ya Sarah Kemble Knight

Shajara ya Sarah Kemble Knight ni miongoni mwa masimulizi ya safari ya mwanzo yaliyoandikwa na mwanamke katika makoloni ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani. Mwandishi, mkazi wa Boston mwenye umri wa miaka 38, aliondoka kwa farasi tarehe 2 Oktoba 1704 kwenda New Haven na New York kwa shughuli za mirathi, akarejea tarehe 3 Machi 1705. Alifariki mwaka 1727, na shajara ikachapishwa mwaka 1825. Imesomwa zaidi kama kitabu cha kuchekesha. Usomaji huo una haki yake, ila haujakamilika.

Kwa upande wa fani, nguzo ya ucheshi wake ni chuku. Akivuka mto katika mtumbwi, msimulizi adai kwamba hakuthubutu hata kuegemeza ulimi upande mmoja wa kinywa, chombo kisije kikapinduka. Walevi wanapombughudhi usiku katika nyumba ya wageni, atunga beti za kuiomba pombe iwalaze. Katika mifano yote miwili adha ni ya kweli. Mwanamke huyu, asafiriye na waongozaji wa kukodi, aikabili hofu kwa kuigeuza kichekesho, naye mwenyewe ndiye wa kwanza kuchekwa.

Kwa upande wa maudhui, kicheko hicho hakiwaelekei watu wote kwa namna moja. Katika kisa alichosimuliwa cha mahakimu waliokutwa shambani wakivuna maboga, wakajitengenezea kiti cha hukumu kwa maboga yayo hayo, tashtiti yawalenga wenye mamlaka. Lakini kalamu hiyo hiyo yawakejeli wakulima wa Connecticut kwa kuwaruhusu watumwa wao Weusi kula nao meza moja. Hapo kicheko chageuka mlinzi wa mpaka baina ya bwana na mtumwa.

Huenda ikasemwa kwamba mwandishi alifuata fikra za zama zake. Hoja hiyo haitoshi: wakulima wale, ingawa walimiliki watumwa, walikuwa wa zama zile zile, na meza yao ilikuwa wazi. Kwa hiyo mhakiki wa shajara hii, akisha kueleza jinsi inavyochekesha, hana budi kuonyesha ni nani anayechekwa, na kwa faida ya nani.