Mwiko wa Ukoo

Kiangazi kikikolea, ardhi ya mbugani kule Nkoma hupasuka. Nyufa zake humeza kiganja kizima, na mtoto akiangusha sarafu humo aihesabu imekwenda. Mvua zikirudi, udongo uleule mweusi hunywa maji, huvimba, hufumba midomo yake na kunata miguuni mpaka mtu anatembea kama aliyefungwa tofali kila unyayo. Mkulima wa pamba anaupenda kwa sababu unatunza unyevu. Fundi ujenzi anauogopa. Ungeinua nyumba yote kwa pamoja na kuishusha yote kwa pamoja pasingekuwa na neno, lakini haufanyi hivyo. Kona moja inapanda, nyingine inabaki palepale, na ukuta unachanika kwa ngazi-ngazi kufuata maungio ya tofali, mara nyingi ukianzia pembe ya dirisha.

Ndiyo maana anayetaka kuwasifu mafundi wa upande huu asianzie juu kwenye bati linalometa. Aanzie shimoni.

Nkoma ni kata ya Wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo kote huku kulikuwa Shinyanga. Nyumba nyingi za vijijini huku hazijengwi na kampuni yenye bango na gari la kazi. Zinajengwa na ukoo. Baba anashika kamba na timazi, mwana mkubwa anashika mwiko, wadogo wanachanganya udongo na kubeba karai, mpwa amekuja likizo akabaki, na mara nyingine yupo mkwe aliyeanza kama saidia fundi akamaliza kama mtu wa nyumbani. Mahali pengine kampuni ya namna hii ingeandika ubaoni jina la mzee, kisha “na Wanawe”. Msukuma wa huku hahitaji ubao. Kijana akijitaja anasema yeye ni Ng'wana fulani, na jina la baba linatangulia kazini kabla yake. Ukuta ukipinda, umepinda kwa majina mawili.

Kitu cha kwanza anachorithi kijana huyo si mwiko, ni macho ya kusoma udongo. Wasukuma wana majina ya udongo kama wafugaji walivyo na majina ya rangi za ng'ombe. Juu, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, ule wa kichanga. Ukiteremka unakuta itogolo, mgumu, unaokatalia jembe. Chini kabisa ndiko kwenye mbuga nyeusi. Mwaka 1935 mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliandika jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, kama mnyororo, na wazo hilo likaenea katika sayansi ya udongo duniani. Kila pingili ya mnyororo huo ilikuwa tayari na jina Usukumani. Wataalamu waliofuata waliyaingiza majina hayo katika maandishi yao, na walifanya vyema.

Fundi mzee akifika kiwanjani, kwa hiyo, haulizi kwanza vyumba vingapi. Anatembea. Anaangalia majani yaliyoota, anachimba kidogo kwa sururu, anafinyanga donge kwa vidole na kulitia mate. Likinyooka kama uzi bila kukatika, anakunja uso. Hapo mwenye nyumba anaanza kuhesabu hasara, kwa kuwa anajua kitakachosemwa: shimo liende chini mpaka lipite udongo mweusi na kukuta changarawe au tabaka gumu. Pasipofikika, ule mweusi utolewe, ijazwe moramu na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, yapangwe mawe, kisha juu yake upite mkanda wa zege wenye nondo ili nyumba nzima ifungwe kama tita la kuni. Baadaye maji ya paa yaongozwe mbali kwa mtaro, yasitue kando ya ukuta na kuulewesha udongo upya.

Kazi hii yote inafukiwa. Siku ya kupaua watu wanakuja kutazama, wanahesabu kenchi, wanasifu mbao. Siku ya msingi huwa pana mafundi, mwenye nyumba na mbuzi wa jirani.

Mama yangu mdogo alijengewa chumba na fundi wa bei nafuu, msingi wa kina cha mkono mmoja, juu ya mbuga halisi. Masika ya pili mlango ulikataa kufunga. Fundi akarudi, akapiga lipu juu ya ufa, akaondoka na soda yake. Kabla ya Pasaka ufa ulikuwa umechungulia tena, mahali palepale. Tangu hapo nimejifunza kuwatazama mafundi wanaochukua muda mrefu shimoni bila kuwaita wavivu.

Kuna uzuri katika utaratibu wao. Ili kona iwe sawa hawana mashine: wanapima futi tatu upande huu, futi nne upande ule, na kamba ya mshazari ikisoma tano, pembe ni ya haki. Wakitaka usawa kati ya kona mbili za mbali, wanachukua mpira wa plastiki unaoonyesha, wanaujaza maji, mmoja anashika ncha huku na mwingine kule, wanasubiri maji yatulie. Kusubiri huko ndiko kunakomtofautisha mtoto wa ukoo na kibarua. Kibarua anatia alama maji yakiwa bado yanacheza. Mtoto aliyelelewa kwenye kazi anaacha yatulie, anatoa kiputo cha hewa mpirani, anatazama mara ya pili. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Amekuwa akishika ncha ya mpira tangu yuko darasa la tatu.

Tofali nazo zina elimu yake. Udongo wa kichuguu unapendwa kwa kuwa mchwa wameshausaga. Unakandwa, unapigwa kwenye kalibu, unaanikwa kwanza kivulini chini ya nyasi ili usikauke kwa pupa na kupasuka. Kisha tofali zinapangwa kuwa tanuru lenye midomo ya kuni chini, linakandikwa tope nje, na moto unawashwa. Moto huo haulali, na mwenye zamu halali. Tanuru likipoa, fundi anachukua tofali mbili na kuzigonganisha. Iliyoiva inalia kama kengele ya shule. Mbichi inatoa sauti ya kitu kilicholowa, na hiyo haiingii ukutani hata mwenye nyumba akibembeleza.

Hapa pana doa ambalo sitalifunika kwa lipu. Tanuru linakula miti. Hii ni nchi ileile ambayo kuanzia 1986 mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliwasaidia wananchi kurudisha ngitili, yale malisho ya akiba yanayofungwa ili majani na miti vipumue. Si haki babu afunge ngitili na mjukuu aingie humo na shoka kwa ajili ya tanuru. Tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa, zimekuwa zikihimizwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Vijana wa ukoo wanaozijua wana bahati, maana mkono uliozoea kuchagua udongo unazimudu haraka.

Kinachowabana zaidi ni karatasi. Kwa sheria ya 1997, mkandarasi anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wa majengo wanapangwa kuanzia daraja la saba hadi la kwanza. Ukoo usio na cheti wala mtaji unabaki nje ya zabuni kubwa. Utaratibu wa fosi akaunti, ambao kamati za shule na zahanati hutumia kuajiri mafundi wa karibu, uliwafungulia wengi mlango: madarasa mengi ya mikoani yamejengwa na mikono ya namna hii. Wengine wamewapeleka watoto vyuo vya ufundi vya VETA wakapate cheti cha kile walichokuwa wakikifanya tayari. Nawapongeza, japo naona kichekesho chake.

Ujenzi wa ukoo hauko Usukumani peke yake. Kampuni kongwe kuliko zote za ujenzi za kifamilia zinazojulikana, Kongō Gumi ya Osaka, Japani, inahesabu mwanzo wake tangu mwaka 578, ikijenga mahekalu. Ilidumu vizazi 40 hivi. Palipokosekana mwana anayefaa, mkwe alipokelewa, akavaa jina la ukoo, akaendeleza kazi. Mwaka 2006 madeni yaliilemea, ikaingizwa katika kampuni nyingine. Nikiisoma habari hiyo namkumbuka yule mkwe wa Nkoma mwenye karai kichwani, na natamani daftari la madeni la baba mkwe wake lisije likamfika yeye.

Kiswahili kimetupa neno moja, mwiko, kwa chombo cha fundi na kwa jambo lisilofanywa. Katika koo hizi maana zote mbili zinakaa mkono mmoja. Kujenga juu ya mbuga bila kuchimba ni mwiko, na kutia tofali mbichi ni mwiko.

Pamba ikishauzwa, tanuru za Itilima zitaanza tena kufuka. Kama wewe ni mmoja wa watakaojenga, usisubiri siku ya kupaua ndipo uende kuwatazama mafundi wako. Nenda siku ya msingi, wapelekee uji, uinamie shimo kabla halijafukiwa.