PLC ya zamani ing'olewe kabla ya mavuno

Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, mashine ndogo ya kukamua alizeti haihitaji kompyuta. Inatosha paneli ya bati ukutani, kontakta, ovaloadi, vitufe vya kijani na vyekundu, na mtu anayejua kipi kibonyezwe kwanza. Huwasha kwanza mkanda wa kutolea mashudu, halafu mashine ya kukamua, halafu elevita inayopandisha mbegu. Wakati wa kuzima anaanzia mwisho na kurudi nyuma. Akikosea mpangilio huo, mbegu zinarundikana pasipo na kitu cha kuziondoa, mashine inakwama, na watu wanashinda wakizichokoa kwa koleo.

Katika kiwanda kikubwa mpangilio huohuo umeandikwa ndani ya PLC, kompyuta ya kiwandani inayosoma sensa na swichi upande mmoja na kuamuru kontakta na vali upande wa pili. Ilibuniwa ili kuondoa msitu wa rilei. Mwaka 1968 Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, Massachusetts, waliandaa kifaa kilichokuja kuitwa Modicon 084, wakati kampuni ya magari ya General Motors ilipokuwa imechoka kufumua na kufunga upya nyaya za paneli kila gari jipya lilipoingia kiwandani. Tangu hapo kinachobadilishwa ni programu, nyaya zinabaki.

Shida ni kwamba mashine ya kukamua hudumu kuliko kompyuta inayoiendesha. Shafti na gia hurekebishwa hapahapa kwa fundi wa kuchomelea na karakana ya leith. PLC haina karakana. Kampuni ya Siemens ilitoa familia ya PLC za S5 mwaka 1979 na kuleta S7 katikati ya miaka ya 1990. Leo S5 haitengenezwi tena, na S7-300, iliyoenea duniani kote, nayo imeanza kuondolewa tangu Oktoba 2023, vipuri vyake vikiahidiwa hadi 2033. Kampuni ya Rockwell ilisitisha PLC-5 yake mwezi Juni 2017. Mwenye kununua mtambo uliokwisha kutumika nje huletewa vifaa vya kizazi hicho ndani ya paneli, na mara nyingi haulizi habari zake hadi vizime.

Wengi hukimbilia kadi za mitumba. Kwa dharura sawa, lakini kadi ya mitumba ina umri uleule wa iliyokufa. Kapasita za ndani ya pawa saplai hukauka kwa joto, na mafundi wa elektroniki wana kanuni yao: kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zikiongezeka, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Paneli iliyo jirani na jiko la kupashia mbegu, feni yake ikiwa imezibwa na vumbi la makapi yenye mafuta, inakula maisha hayo haraka sana.

Singida ina nafasi ambayo viwanda vya mwaka mzima havina. Alizeti hupandwa Desemba na Januari, na kuvunwa kati ya Mei na Julai. Miezi ya mwisho kabla ya mavuno mbegu huadimika na viwanda vingi hupunguza kazi au kusimama. Kiwanda cha saruji kikitaka kubadili PLC lazima kinunue siku za kusimama kwa hasara. Huku msimu wenyewe unazitoa, na kuziacha zipite ndipo PLC ikafia mikononi mwezi Julai, magunia yakiwa yamepangwa hadi mlangoni, ni uzembe wa mipango. Mkulima aliyetoka Ilongero na mzigo wake ndiye anayelala nje akisubiri.

Kazi inaanza na programu, kifaa kipya baadaye. Katika S5 nyingi programu imekaa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya lithiamu pale umeme unapokatika. Kama hakuna kadi ya EPROM iliyochomekwa, betri iliyokufa pamoja na umeme uliokatika ni sawa na kufuta kila kitu. Ndiyo maana betri hubadilishwa PLC ikiwa imewashwa, kinyume na silika ya fundi aliyefundishwa kuzima kwanza. Kisha programu inanakiliwa. Mlango wa mawasiliano wa S5 hutumia mkondo wa miliampea 20, hivyo waya wa kawaida wa kompyuta hauusomi. Panahitajika waya wenye kigeuzi na programu ya STEP 5.

Kinachotoka humo ni amri tupu. Majina na maelezo ya mwandishi wa kwanza hayakai ndani ya PLC; yalibaki kwenye diski yake, na diski imepotea. Unaona ingizo 4.3 bila kujua kama ni swichi ya mlango au sensa ya mbegu. Hapo hakuna njia ya mkato. Mmoja anasimama kwenye paneli, mwenzake anazunguka mitamboni, wanaongea kwa simu: gusa swichi hii, taa ipi imewaka? Kila waya unaandikwa daftarini. Mwendeshaji wa siku nyingi awe katika kazi hiyo, kwa sababu ndiye anayejua kwamba sensa fulani iliungwa moja kwa moja miaka iliyopita ili uzalishaji usisimame.

Kosa baya zaidi katika kuhamisha programu ya S5 liko kwenye muda. Chukua elevita. Kwenye shafti yake kuna sensa inayohesabu mizunguko. Mapigo yakikosekana kwa sekunde 5, PLC inajua mkanda umeteleza au umekatika, inasimamisha kila kinachoilisha. Katika S5 muda huo umeandikwa KT 50.1. Anayesoma harakaharaka huona sekunde 50 na ushee. Kumbe tarakimu ya baada ya nukta ni alama ya kipimo: 0 ni sehemu ya mia ya sekunde, 1 ni sehemu ya kumi, 2 ni sekunde nzima, 3 ni sekunde 10. KT 50.1 ni vipindi 50 vya sehemu ya kumi, yaani sekunde 5, na katika PLC mpya huandikwa T#5S. Ukiweka 50, elevita iliyokwama italishwa mbegu karibu dakika nzima, huku mkanda ukisugua puli mpaka ipate joto. Palipo na makapi makavu na mafuta, huo ni moto.

Kuna zana ya kugeuza programu ya S5 kuwa ya S7. Kwa mtambo wa mafuta wenye motor chache, mimi ningeandika upya. Programu iliyogeuzwa na zana inaweza kufanya kazi vizuri na bado asiwepo hata mtu mmoja anayeielewa, na mwenye kiwanda atakuwa ameununua ugonjwa uleule kwa bei mpya.

PLC mpya hujaribiwa kwanza mezani, kwa swichi na taa badala ya sensa na motor. Ndipo ihamie kwenye paneli, motor zikiwa zimetengwa na umeme, kila ishara ikipimwa tena. Halafu mtambo mtupu. Halafu mbegu kidogo. Rafu ya zamani ibaki mahali pake mpaka mpya izoee, nyaya zikiwa na lebo. PLC mpya ina kasi kubwa mno kuliko ya zamani, na mtetemo wa swichi ambao ile haikuuona hii inauona, hivyo baadhi ya ishara zitahitaji kuchujwa. Kitufe cha dharura kikate umeme wa motor kwa rilei yake yenyewe, hata PLC ikiganda.

Kompyuta ya kuprogramu isiwe ya muziki na filamu. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa 2010, kilifika kwenye PLC za S7 katika mtambo wa nyuklia wa Natanz, Iran, kikiwa na uwezo wa kusambaa kwa flashi.

Wenye viwanda Singida, msisubiri kupata fedha za PLC mpya ndipo muanze. Betri na nakala ya programu ni gharama ndogo kuliko siku moja ya kusimama msimuni. Februari hii badilisheni betri mtambo ukiwa umewashwa, toeni nakala mbili, moja ikae nje ya kiwanda, na muandike jina la kila waya. Mkifanya hivyo, hata PLC ikifa Julai, fundi atakuwa na pa kuanzia.