Neno MAGAZIJUTO na Upungufu Wake

Watoto wengi wa Tanzania hufundishwa neno MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni fimbo njema ya kutembelea, lakini fimbo si macho. Twataka kulipima neno hili, maana limewakosesha watoto wengi wasio wavivu, waliolitii kama lilivyo.

Mtu alikuwa na kuku 20, akauza 8, kisha akanunua 5. Twaandika 20 − 8 + 5. Mtoto mtiifu aona JU imetangulia TO. Ajumlisha 8 na 5, apata 13, aitoa katika 20, yabaki 7. Lakini nenda bandani ukahesabu: kuku ni 17. Kumi wamepotea, wala hakuja mwizi wala kicheche.

Kosa li wapi? Neno lina hatua tano, lakini ngazi za kanuni ni tatu tu. Mabano hutangulia. Hufuata kugawanya na kuzidisha, ndugu wa cheo kimoja. Mwisho kujumlisha na kutoa, vivyo hivyo. Ndugu wa cheo kimoja hufanywa kwa zamu kama walivyoandikwa, toka kushoto kwenda kulia. Habari hii neno halikuisema. Waingereza wana neno BODMAS, lenye kugawanya kwanza. Wamarekani wana PEMDAS, lenye kuzidisha kwanza. Kama herufi zingekuwa sheria, 12 ÷ 3 × 2 ingekuwa 8 Uingereza na 2 Marekani!

Hata hivyo, si kila shaka ni kosa la msomaji. Mwaka 2019 watu wazima wa nchi nyingi walibishana juu ya 8 ÷ 2(2 + 2). Waliotoka kushoto walipata 16. Walioona kwamba 2 iliyogusana na mabano ni kitu kimoja nayo walipata 1. Wala ubishi huo si mpya: mwaka 1928 Florian Cajori, katika historia yake ya alama za hesabu, aliandika kwamba hapakuwa na mapatano juu ya ÷ na × zikiwa pamoja. Hapo twamlaumu mwandishi. Angaliandika (8 ÷ 2) × (2 + 2), au 8 ÷ (2 × (2 + 2)), pasingalikuwa na ubishi.

Basi, walimu wenzetu, nanyi wazazi, neno lisitupwe. Lifundishwe pamoja na kanuni ya ndugu wawili wawili. Tena mtoto aambiwe: Uandikapo, tia mabano, mwenzio asipotee njia.