Kioo Kimoja, Bongo Mbili

Mwenye gari ni mnunuzi wa mpunga. Kila msimu wa mavuno hushuka kutoka Sumbawanga mjini hadi Kaoze, kule bondeni, na gari lake ni Harrier ya kizazi cha pili, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani. Watu humcheka: Harrier na barabara za bonde la Rukwa wapi na wapi? Yeye hujibu kwamba gari la kubeba mzigo ni Fuso, hili ni la kutangulia kufunga bei. Alichomtaka fundi ni kitu kimoja tu, ramani ya Tanzania kwenye kioo cha dashibodi. Kioo anacho, kilikuja na gari kutoka Japani, lakini kinamwonyesha mshale tu kwenye ukurasa mtupu, na chini yake maandishi ya Kijapani.

Nilikaa kwenye karakana siku mbili nikiangalia kazi hiyo. Naieleza hapa kwa sababu wengi wakiona navi (mfumo wa ramani) ya Kijapani husema imekufa, wanaing'oa na kupachika redio mpya ya Android. Haijafa. Tatizo lake ni la msafiri aliyeshushwa usiku kwenye stendi ya mji asioujua: miguu mizima, macho mazima, hajui tu alipo.

Tazama inachokijua. Antena yake inapokea setilaiti zile zile za GPS zinazopokelewa na simu yako. Zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi na hazibagui Tokyo na Laela. Ndani ina jairoskopu, kifaa kidogo kinachohisi gari likikata kona. Tena kuna waya wa spidi. Kwa kipimo cha viwanda vya Japani, ekseli ya spidi inazunguka mara 637 kwa kila kilomita, na kila mzunguko unatoa mapigo manne. Hesabu: mapigo 2,548 kwa kilomita moja. Navi inayahesabu, inayachanganya na kona ilizohisi, na hivyo inajua imetembea umbali gani na imegeukia wapi hata ikiwa ndani ya handaki lisilo na mbingu. Wazo hilo limeitangulia GPS ya magari. Mwaka 1981 Honda waliuza Accord yenye chombo cha aina hii bila setilaiti hata moja. Kilitumia jairoskopu ya gesi, na dereva alipachika ramani iliyochapwa kwenye karatasi angavu mbele ya kioo. Gari la kwanza kutoka kiwandani na GPS ndani yake, Eunos Cosmo la Mazda, lilikuja 1990.

Kwa hiyo kwenye Harrier yetu kilichokosekana ni ramani, basi. Diski yake ina Japani yote, kuanzia Hokkaido hadi Okinawa, na nje ya hapo ni weupe.

Kwa nini asing'oe? Kwenye Harrier yenye kioo hiki, kiyoyozi kinajionyesha humo humo. Redio, mipangilio ya gari, kamera ya nyuma, vyote viko kwenye kioo kile kile. Ukiking'oa unaanza kutafuta pa kuweka vitu vinne ili upate kimoja. Na vile vifremu vya plastiki vinavyouzwa pamoja na redio za Android, nisamehewe, vikishapigwa na vumbi na makorongo mwaka mmoja vinaanza kulia kama debe la karanga.

Njia aliyochagua fundi ni ya kuongeza. Alitumia visanduku viwili. Cha kwanza ni ubongo mpya: kompyuta ndogo ya Android, si kubwa kuliko pakiti ya sigara, yenye antena yake ya GPS. Cha pili ndicho chenye ujanja, nami nitakiita mlinda lango. Kinakaa katikati ya kompyuta ya navi na kioo. Picha ya kiwandani inapita ndani yake, na picha ya Android inaingia humo kwa upande mwingine. Ukibonyeza kitufe kimoja kwa muda, mlinda lango anafunga mlango huu na kufungua ule. Kioo hakijui kitu, kinapokea picha na kuionyesha.

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, kwa sababu milango haifanani. Kuna magari ambayo picha inasafiri kwa waya wa kawaida wa video, ule wenye plagi ya njano. Huo unaunga chochote, lakini maandishi ya ramani yanatoka yamefifia na jina la kijiji husomi bila kusimama. Mengine hupeleka picha kwa namba, na Toyota na Lexus nyingi za miaka ile zilitumia mfumo uliobuniwa na Sony unaoitwa GVIF. Mlinda lango wa mfumo mmoja hafai kwa mwingine hata plagi zikikaribiana umbo. Fundi wetu hakununua kitu mpaka alipotoa kioo, akakigeuza, akasoma namba iliyobandikwa mgongoni na kupiga picha soketi zote. Nusu siku ilipita bila waya hata mmoja kukatwa. Mwenye gari alianza kuguna. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu bora ya kazi yote.

Habari ya umeme ina historia. Kabla ya hapo gari lilikuwa limepita kwa fundi mwingine aliyejaribu kazi hiyo hiyo kwa haraka. Ramani ilionekana, mteja akalipa, akaenda zake. Siku ya nne gari halikuwaka. Wakaliunga na betri ya gari jingine, likawaka, baada ya siku chache likagoma tena. Mjini kwetu Sumbawanga, ambako jina lenyewe hutafsiriwa kuwa tupa uchawi, gari linalogoma asubuhi bila sababu halikosi maelezo, na jirani mmoja alikuwa ameshatajwa. Sababu ilikuwa waya. Nyuma ya redio ya Toyota kuna moto wa aina mbili: wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, na wa swichi, unaokuja tu ufunguo ukizungushwa. Kwa kawaida wa kwanza ni waya wa bluu wenye mstari wa njano na wa pili ni wa kijivu. Yule fundi aliunga kisanduku chote kwenye wa kwanza. Sasa piga hesabu: kisanduku kikila nusu ampea, kwa saa 24 kimekula ampea-saa 12, kwa siku nne, 48. Betri ya gari dogo ina 60 hivi ikiwa mpya. Ongeza baridi ya Juni ya uwanda wa Ufipa, mji ukiwa kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na jirani anasafishika kabisa.

Safari hii moto wa swichi ndio uliobeba kazi, kupitia fyuzi yake ndogo. Fundi hakuamini rangi. Alipima kila waya kwa mita, ufunguo ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa, kwa kuwa gari lililotumika limeshapita mikononi mwa watu na rangi hudanganya. Hasi aliichukua kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae. Maungio yote aliyachomelea kwa risasi na kuyavalisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Tepu ya umeme peke yake, kwenye gari litakaloshuka milima, huachia gundi kabla ya msimu kwisha.

Halafu rivasi. Mlinda lango asipoambiwa kwamba gari linarudi nyuma, dereva atabaki anaangalia ramani huku bampa likitafuta mtoto au nguzo. Waya mmoja kutoka kwenye taa ya rivasi unaingia kwenye mlinda lango, na mara gia ikiingia, picha ya kiwandani inarudi yenyewe pamoja na kamera yake. Ubavuni mwa kisanduku kuna vijiswichi vidogo vya kupanda na kushuka vya kukieleza kimefungwa kwenye gari gani. Kimoja kilikuwa kimekaa vibaya na kamera haikutokea. Fundi alikisogeza kwa ncha ya kalamu, ikatokea. Waya za kioo cha kugusa zilipita njia hiyo hiyo, kisha ikabidi kugusa alama kwenye pembe za kioo ili mguso na picha vikubaliane.

Mteja aliomba pia video icheze gari likitembea. Kufuli ya kiwandani inayozuia video mpaka uvute handibreki haihusu picha ya kisanduku, kwa hiyo jambo hilo liliwezekana bila kazi yoyote ya ziada. Fundi alikataa kuiweka programu ya video. "Bosi, wewe unashuka mteremko wa Lyamba," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Dashibodi ikiwa bado wazi, waliongeza kipande kingine ambacho kila mwenye gari la Kijapani angekitaka kama angekielewa. Redio ya Japani husoma FM kuanzia 76 hadi 90, zile za karibuni hadi 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Dawa yake ni kipunguza masafa, kidude kinachokaa kati ya plagi ya antena na redio. Kinatoa namba moja isiyobadilika kutoka kwenye kila stesheni. Kikiwa cha 14, stesheni ya 100.0 inasomeka 86.0. Lakini angalia ukomo wake: dirisha la redio ya 76 hadi 90 lina upana wa 14 tu, kwa hiyo kipunguza cha 12 kitakupa 88 hadi 102, na cha 18 kitakupa 94 hadi 108. Huwezi kupata vyote. Andika kwanza stesheni unazosikiliza, halafu ndipo ununue. Watu hununua kwanza.

Antena ya GPS ya kisanduku kipya iliwekwa juu ya dashibodi, kwenye kona ya kioo cha mbele, ikitazama mbingu. Inaweza kukaa chini ya plastiki bila shida, lakini chuma kikiwa juu yake hakuna kitu. Ishara inayofika kutoka kilomita elfu ishirini ni hafifu mno.

Ikabaki ramani. Ramani za mtandaoni huwa tupu mtandao wa simu unapokatika, kwa hiyo kisanduku kilipakiwa programu inayohifadhi nchi nzima ndani yake, kwa ramani ya OpenStreetMap. Hiyo ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea: mmoja yuko mbali anafuatisha barabara na mapaa kutoka kwenye picha za setilaiti, mwingine yuko kijijini anataja majina. Hapa nchini Ramani Huria walianza na mitaa ya Dar es Salaam iliyokuwa ikifurika, na tangu 2015 Crowd2Map wamekuwa wakichora vijijini. Ubora wake kwa hiyo haulingani. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za Millennium Challenge ya Marekani, hakuna ramani isiyoijua. Njia ya bondeni ni mstari, na mstari hausemi kama mvua ya jana imekata daraja. Mnunuzi wetu alitumia jioni moja kuweka alama zake mwenyewe: maghala, mahali pa kuvuka, nyumba ya fundi wa pancha. Alama hizo zina thamani kuliko visanduku vyote viwili.

Tulikwenda kuijaribu. Kutoka mjini kupitia Ntendo, ramani ilifuata vizuri. Kisha barabara ikaanza kuteremka kwenye ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze. Kutoka mjini hadi usawa wa Ziwa Rukwa ni kushuka takriban mita elfu moja. Kwenye kona ambako mlima umesimama upande mmoja, nusu ya mbingu inatoweka. Kifaa kinahitaji setilaiti zisizopungua nne kujua kiliko, na zilizobaki zikiwa zote upande mmoja, makosa yanakua. Mshale uliruka ukaingia msituni, ukarudi, ukatukuta tumeshapita kona.

Nilibonyeza kitufe, nikarudi kwenye navi ya Kijapani kwa udadisi tu. Kwenye ukurasa wake mweupe mshale wake ulikuwa unageuka taratibu, kona kwa kona, sawasawa na usukani, kwa sababu navi hiyo ina jairoskopu na waya wa spidi. Haujui Muze wala Kaoze, lakini unajua gari limekata kulia sasa hivi. Kisanduku kipya kinajua Kaoze iko wapi, ila hakina tundu la waya wa spidi wala njia ya kumuuliza mwenzake. Bongo mbili zinakaa chumba kimoja bila kusalimiana. Vipo vifaa vya gharama zaidi vinavyosoma mapigo ya magurudumu. Ningekuwa naendesha usiku kwenye mteremko ule kila wiki, ningelipia. Kwa mnunuzi anayeshuka mchana kwa msimu, mshale kuruka mara mbili si neno, na kwa mtu asiyetoka Sumbawanga mjini simu kwenye kishikizo inamtosha kabisa.

Chini bondeni mbingu ilifunguka na mshale ukatulia mpaka Ilemba, mpaka Kaoze.

Kuna sauti moja ambayo fundi alitaka kuizima tangu mwanzo. Ni sauti ya kike ya kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za Japani bila kusimama, ambacho kila gari likiwashwa huzungumza kwa adabu nyingi. Abiria wengi hudhani anawatakia safari njema. Kwa kweli anasema kadi haijaingizwa. Fundi alishashika waya wake na mkasi, mwenye gari akamzuia: "Muache mama wa watu, tumetoka naye mbali." Kwa hiyo pale Kaoze, kati ya magunia ya mpunga, gari lilipowashwa kurudi, ramani ya Tanzania ilikuwa kwenye kioo na mama yule akakumbushia kadi yake.