Mahamri si donati: Menyu zetu zahitaji uhakiki

Menyu ya mkahawa ni matini kama matini nyingine. Ina mtunzi, ina hadhira na ina itikadi, hata kama ina madoa ya mchuzi. Ndiyo maana juma hili nataka kuihakiki kama ambavyo ningeihakiki riwaya.

Mikahawa ninayoipenda zaidi iko Mji wa Kale, Mombasa, katika vichochoro vya Kibokoni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Fort Jesus. Sitaitaja kwa majina maana safu hii si ya matangazo. Mingi haina menyu. Unaketi, unauliza, "Leo kuna nini?" nawe unaorodheshewa: mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai, vitumbua, mkate wa sinia. Nikitaka biskuti huagiza nankhatai na kahawa tungu. Nankhatai lenyewe ni jina lililotufikia na mapishi yake kutoka Bara Hindi, wala hakuna aliyejisumbua kulitafsiri.

Sasa njoo Nairobi. Majuzi tulikwenda mkahawa mmoja wa kifahari kusherehekea mahafali ya mwanafunzi wangu wa uzamifu. Ilikuwa saa tano asubuhi, ule mlo uitwao ‘brunch’. Katika menyu nikakuta mahamri yameandikwa ‘Swahili doughnuts’. Nikamuuliza mhudumu, kijana wa Likoni, mbona hawakuandika mahamri. Akacheka: "Prof, wateja hawataelewa." Wateja gani? Meza zote zilijaa Wakenya!

Hebu tulipime jina hilo. Donati tuliyoizoea hutobolewa katikati na kupakwa sukari. Hamri hukandwa kwa tui la nazi na iliki, hukatwa pembe tatu, na likitumbukizwa kwenye mafuta hufura na kuacha uwazi ndani. Ukilipasua, uwazi huo hupokea mbaazi. Jina ‘donati’ limefuta tui, limefuta iliki, limefuta na mbaazi. Limemwandaa mlaji kutarajia sukari. Si ajabu mpishi naye, kwa kuchelea kumvunja moyo mteja, akaongeza sukari na kuacha iliki. Jina likishapotea, mapishi nayo hayachelewi kulifuata.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mezani. Ati ‘brunch’ tutaiitaje? Neno hilo si kongwe. Guy Beringer aliutetea mlo huo kwa jina hilo katika jarida la Uingereza mwaka 1895, nalo ni muungano wa majina ya milo miwili. Sisi nasi tumefupisha chakula cha mchana kikawa chamcha, na chakula cha jioni kikawa chajio. Lugha yenye staftahi na kisebeho vya asubuhi, kumbwe ya baina ya milo, futari ya magharibi, daku ya kabla ya alfajiri na walima wa arusi haiwezi kuitwa maskini.

Hata hivyo, sina ugomvi na anayekopa. Anayetaka kuandika ‘brunch’ na aandike. Biskuti ni neno la kukopa na hakuna anayelilalamikia. Asili yake ya mbali ni maneno yenye maana ya kilichopikwa mara mbili. Waingereza hulitumia kwa kitu kikavu, nasi tukalipokea hivyo hivyo. Kusini mwa Marekani, biskuti ni mkate laini uliookwa mara moja tu, na huliwa hata kwa mchuzi mzito. Hakuna Mmarekani wa huko anayebadilisha jina hilo ili Mwingereza asitatizike.

Kosa la menyu zetu, basi, si kukopa jina la kigeni kwa kitu cha kigeni. Kosa ni kukivua jina kitu ambacho tayari kina jina. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini wapi! Lugha ya taifa imeshindwa kupata nafasi hata kando ya bei ya chakula chake yenyewe.

Wenye mikahawa, andikeni mahamri. Andikeni mbaazi za nazi. Asiyevijua atauliza, na mhudumu atapata fursa ya kumweleza mgeni kuhusu tui na iliki.