Sindano Baada ya Jembe

Kiloleli, kama ilivyo Bariadi na sehemu kubwa ya Simiyu, mwaka huenda na pamba. Hupandwa mvua za Novemba na Desemba zikishika, huuzwa kuanzia Mei, kisha marobota huondoka. Nyuzi nyingi za pamba ya Tanzania husafirishwa nje zikiwa ghafi, na mama aliyeilima hurudi dukani kununua uzi wa kutarizia. Hilo linaniudhi, lakini leo nawapongeza wenye sindano.

Kazi yao huanza jembe likipumzika. Shuka jeupe hukunjwa katikati ili maua ya pande mbili yalingane, yanachorwa kwa penseli, kitambaa kinakazwa kwenye fremu ya duara. Kisipokazwa sawasawa hujikunja, na pasi haikinyooshi tena. Uzi mwekundu hulowekwa kwanza majini, maana ukichuja baadaye umeharibu shuka zima. Na upande wa nyuma mafundo yafichwe. Mama mkwe ataligeuza tu. Jioni mwanga huisha mapema kuliko ua, macho yakauma, mtoto akalia, sindano ikachomekwa ukutani hadi kesho.

Mashuka hayo huishia kwa bibi harusi, kwa mzazi aliyejifungua, mengine kwa mjane asiye na la kumtandikia mgeni. Machache huuzwa. Ukiuliza bei, unatajiwa kitambaa na uzi. Miezi ya kushona haimo kwenye hesabu, na wanunuzi, nami nikiwemo, bado tunaomba tupunguziwe.